Trekta la mjomba lilivyonikomesha ubishoo

Wenzangu wakienda majuu hurudi na picha walizopiga mbele ya maghorofa. Mimi nilirudi na malengelenge viganjani, alama ya usukani kifuani na ujuzi wa kuchonga barabara. Wewe cheka tu, lakini cheka taratibu, maana ukifika mwisho wa stori hii huenda ukatoka nje kwenda kuangalia mtaro wa mlangoni kwako.

Ilikuwa Julai 2018. Mjomba wangu, mdogo wake mama, anaishi jimbo la Pennsylvania, Marekani, tangu mimi sijazaliwa. Miaka yote nikiwa zangu Sinza nilijua mjomba anakaa kwenye maghorofa na taa za rangi rangi kama kwenye video. Kumbe bwana! Nilipofika nikakuta milima, misitu, mahindi na kulungu wanaokatiza njia kama mbuzi wa Kibaha. Kutoka kwenye lami hadi mlangoni kwake ni kama mita 300, mlima mtupu, na njia yenyewe ni ya changarawe. Jirani wa karibu ukimwita hasikii.

"Mjomba, serikali ya huku haijawawekea lami?" nikauliza.

Akacheka. "Ikishaacha lami pale chini, njia hii ni yangu mimi, mpwa. Ikiharibika, nimeharibikiwa mimi."

Sikuyatia maanani maneno yale. Nilikuwa nimekwenda kutanua, siyo kusomea barabara.

JUMATATU YA KASHESHE

Anti, mke wa mjomba, figo zake zilikuwa zimegoma. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alikuwa akipelekwa kusafishwa damu kwa mashine, na kila safari alikaa huko muda wa saa nne hivi. Kwa wasiojua, mgonjwa wa namna hiyo akikosa siku yake huwezi kusema "aah, tutakwenda wiki ijayo". Maji na sumu hujazana mwilini, potasiamu hupanda kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Gari la wagonjwa wa aina yake lilikuwa linamfuata saa kumi na mbili asubuhi, likiwa na lifti ya kupandishia kiti chake cha magurudumu.

Wiki ile mvua ilinyesha kama imetumwa. Jumapili usiku ikapiga mfululizo, sisi tumelala tunasikia paa linavyochapwa. Asubuhi tulipofungua mlango, njia haikuwa njia tena. Maji yalikuwa yameshuka katikati yake na kuchimba korongo la kuingia mguu hadi gotini. Changarawe nzuri nzuri yote ilikuwa imelundikana kule chini kwenye lami. Sehemu iliyosalimika ilikuwa mashimo na mikunjo kama bati.

Saa tatu simu ikalia. Walikuwa wale watu wa gari. Dereva wao alikuwa amezungusha magurudumu bure Jumamosi, na sasa wamesikia habari za mafuriko. Kwa ufupi, hawapandi ule mlima mpaka njia itengenezwe. Mjomba akapiga simu kwa watu wenye mashine kubwa. Kila mmoja alikuwa na foleni ya wateja waliopatwa na mvua ile ile. Wa karibu kabisa angekuja baada ya wiki.

Mjomba akakata simu, akamtazama mkewe.

"Basi nitashuka kwa miguu," Anti akasema.

Hatua ishirini tu zilikuwa zinamshinda. Hakuna aliyecheka.

KIJITREKTA CHEKUNDU

Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda, na bandani kulikuwa na kijitrekta chekundu ambacho tangu nifike nilikuwa nakitania. Usidhani nazungumzia Massey Ferguson 135, lile tunalolijua wote. Hiki ni trekta la bustani. Ukikaa juu yake miguu inakaribia ardhi, na wenyewe hukitumia kukatia majani, kusukumia theluji na kuvutia tela dogo. Jina lake Wheel Horse, modeli C-120, la mwaka 1975. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1946, makao yake yakawa South Bend, jimbo la Indiana, na mwaka 1986 ikanunuliwa na Toro. Kwa hiyo chombo kilikuwa kimenizidi umri kwa mbali sana.

Injini yake ni Kohler, pistoni moja, chuma cha kumwaga kitupu, nguvu ya farasi 12. Ujazo wake ni kama cc 476, yaani zaidi ya mara mbili ya bajaji. Haina kelele za kujionyesha. Inapiga tuku-tuku-tuku kama mzee anayekohoa akijua anachokifanya.

Chini ya tumbo lake, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, mjomba alikuwa amelifunga bamba la chuma lililopinda, refu kidogo kuliko mita moja. Hicho ndicho kisu cha greda. Lile greda kubwa la njano unaloliona likichonga barabara za mitaani, kisu chake kimekaa hapo hapo katikati. Hili la mjomba ni greda la kitoto.

"Hilo ndilo litakalotutoa," mjomba akasema. Kisha akajishika nyonga. Alikuwa amefanyiwa operesheni Mei mwaka ule, na daktari alikuwa amemkataza kupanda chombo chochote kinachotingisha.

Akaingia ndani kutafuta kwa simu mtu wa kumwendeshea. Mimi nikabaki nimesimama, ufunguo unaning'inia mbele yangu. Nikajisemea moyoni, mimi mtoto wa mjini, leseni ninayo, Toyota Chaser ya mshikaji wangu nimeiendesha hadi Bagamoyo, kitu gani hiki?

NILIVYOJIKAANGA MWENYEWE

Nikavuta choki, nikazungusha ufunguo, mzee akakohoa. Nikatoka bandani kama bwana harusi. Pale juu ya mlima kuna mkono wa chuma wenye kitufe kwa juu. Ukibonyeza kitufe na kuusogeza, kisu hushuka au hupanda. Nikakishusha chote mpaka chini. Kisu nikakiacha kimenyooka, kimekingama barabara kama ukuta. Gia nikaweka ya tatu, upande wa haraka. Si tuna haraka?

Mita kumi za mwanzo zilikuwa tamu, usipime. Udongo unakusanyika mbele ya kisu, mimi nimekaa natabasamu. Mara trekta likaanza kuyumba, linapanda, linashuka, kisu kinang'ata, kinaachia. Halafu ukasikika mlio mmoja tu, ngaa! Kisu kilikuwa kimegonga jiwe lililojificha chini. Trekta likasimama papo hapo, mimi sikusimama. Kifua kikaenda kukutana na usukani. Injini ikazimika. Mkanda ulikuwa umechomoka na bolti moja ya kisu imekatika.

Nikageuka nyuma kuangalia kazi yangu. Jamani! Nilikuwa nimekomba kile kidogo kilichobaki na kuacha mfereji katikati ya njia, upana wa mita moja, umenyooka vizuri kabisa. Maji yangekuwa na mdomo yangenishukuru.

Mjomba akaja na mkongojo wake. Nikangoja matusi. Hakutukana. Akatazama mfereji, akanitazama mimi, akauliza, "Umeumia?"

"Hapana, mjomba."

"Basi kalete spana."

Msomaji wangu, angenitukana ningejisikia nafuu.

SOMO LA MCHANA

Tulirudisha mkanda, tukapata bolti nyingine kwenye kopo la mjomba, akakagua upepo wa matairi. Kumbe tairi moja likiwa na upepo mdogo kuliko mwenzake, trekta hulalia upande huo na kisu nacho hulala, unachonga mshazari bila kujua. Magurudumu ya nyuma tukayafunga minyororo, na vile vyuma vizito vya kuyakandamiza vilikuwepo tayari. Trekta jepesi lina nguvu za bure tu. Bila uzito, matairi huzunguka hapo hapo na kazi haiendi.

Kisha mjomba akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, pembeni ya njia, akaanza kufundisha.

"Kwanza niambie, nani kaharibu njia hii?"

"Mvua."

"Mvua ilianguka kwenye majani pia. Majani yameharibika?"

Nikanyamaza.

"Ni maji yaliyokosa pa kutokea. Yalikuja barabarani, yakaona katikati ni bonde, yakashuka nalo. Kadiri yanavyoshuka yanaongeza mbio. Wewe asubuhi umeyachimbia bonde la pili. Kazi ya kisu ni kufanya njia iwe na mgongo, maji yashuke pembeni kabla hayajapata mbio. Ukitaka kulainisha tu, utarudia kila mvua."

Akanipa kipimo. Njia yake ina upana wa mita tatu. Katikati inatakiwa iwe juu kuliko kingo kwa sentimita sita hadi tisa, vidole vinne vya mtu mzima. Zikipungua, maji yanalala. Zikizidi sana, gari linainama na changarawe inakimbilia mtaroni. Tukafunga uzi kwenye mambo mbili, huku na huku, tukaunyoosha kwa pima maji, na huo ndio ukawa mwalimu wangu wa pili.

Kabla sijagusa trekta akanipa sururu. Nikadhani ananiadhibu. Kumbe shimo ukilijaza changarawe bila kulichimba, ni sawa na kuziba jino bila kulisafisha. Matairi yanaitema changarawe yote na shimo linabaki pale pale. Inabidi uvunje kingo zake ngumu, ulegeze hadi kwenye sakafu ya shimo, ndipo mchanga mpya ushikane na wa zamani. Greda kubwa hufanya hivyo kwa uzito wake. Farasi 12 hawawezi, kwa hiyo farasi wa kumi na tatu nikawa mimi. Viganja vikaanza kuchubuka. Yale mawe yaliyojificha nikayang'oa moja moja, pamoja na lile adui yangu wa asubuhi.

Kisha nikazibua mitaro ya pembeni. Kule chini nikashindilia changarawe kwenye tela kwa koleo, nikaipandisha tela baada ya tela na kuimwaga kwenye lile korongo. Hapo ndipo mjomba akaniruhusu kushusha kisu.

"Kigeuze, kiwe mshazari. Sasa kishushe mpaka kiguse, halafu kidogo tu. Unyoe, usikate."

Gia ya kwanza, upande wa taratibu. Mwendo ni wa kobe, mtu anayetembea kwa miguu anakupita. Kisu kikiwa mshazari, mchanga haulundikani mbele, unateleza kuelekea upande mmoja na kuacha tuta dogo. Nikaanzia ukingo wa kulia, nikisukumia katikati. Nikarudia upande wa kushoto, nikisukumia katikati. Ukingoni mjomba alikuwa mkali kama polisi. Trekta lile halina paa wala chuma cha kukukinga likipinduka, na gurudumu likiteleza mtaroni kwenye mteremko linakulalia. Palipobaki nusu mita kufika mtaroni, nilishuka nikamalizia kwa reki.

Nikamuuliza kwa nini asingefunga kisu mbele, kama wenzake wanavyofanya kwa ajili ya theluji.

"Watu wawili wakibeba ubao begani, mmoja mbele mmoja nyuma, wa mbele akikanyaga tuta, ubao upande wake unapanda wote. Katikati unapanda nusu tu. Kisu cha mbele kinanakili kila tuta na kila shimo, tena kinazidisha. Cha katikati kinasawazisha."

Ndiyo maana greda lina shingo ndefu vile na kisu tumboni! Miaka yote nimeyaona magreda, sijawahi kujiuliza.

Basi nikaenda mikondo minane, kila mmoja kama robo saa. Mchanga ulikuwa na unyevu wa mvua, na mjomba akasema hiyo ndiyo bahati yetu. Mkavu hugeuka vumbi, hauumani. Tope nalo hushikana na kisu. Unaotakiwa ni ule ukiufinyanga kiganjani unashikana bila kutoa maji. Mwisho tukaweka matuta mawili mapana ya mshazari, mafupi kama kifundo cha mguu, ya kuyakata maji yanayoshuka na kuyapeleka kwenye majani. Kisha nikachukua gari la mjomba, nikalipitisha juu na chini mara kumi na kitu, kila mara nikihama kidogo, matairi yashindilie pote.

Jua la kiangazi kule huzama saa mbili na nusu usiku. Nilimaliza likiwa linazama. Anti alikuwa dirishani tangu mchana. Sijui alikuwa anaomba au ananihesabia mikondo.

SAA KUMI NA MBILI KASORO

Jumanne nililala na nguo. Gari likaja. Kule chini kwenye lami likasimama. Dereva akashuka, akaanza kupanda mlima kwa miguu peke yake. Anapiga teke ukingo, anakanyaga katikati kwa kisigino, anatazama lile tuta la kwanza la mshazari, anatikisa kichwa. Mimi na mjomba tumesimama juu kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Moyo wangu nausikia masikioni.

Akafika juu. Akauliza, "Mmeleta greda?"

Mjomba akaninyooshea mkongojo. "Huyu hapa."

Dereva akarudi chini, akapanda na gari. Lilipita kwenye korongo la jana kama linapita sebuleni. Anti akapandishwa, mlango ukafungwa, taa nyekundu zikashuka mlima taratibu mpaka zikapotea. Mjomba akakaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa viganja. Nikaona niende bandani kuosha trekta.

Anti aliporudi mchana aliniita.

"Mwanangu, safari zote nilikuwa nashikilia kiti kwa mikono miwili mpaka tufike kwenye lami. Leo sikushika."

Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo mpaka leo.

Usiku wa Jumatano mvua ikarudi. Mjomba akaniamsha, akanipa tochi na mwavuli, tukatoka. Nilijua anataka kuona kama kazi imeharibika. Tukasimama kwenye mteremko, tukamulika. Maji yalikuwa yanaanguka katikati ya njia, yanagawanyika, nusu kulia, nusu kushoto, yanaingia mtaroni kwa adabu. Yaliyojaribu kushuka na njia yakakutana na tuta, yakageuka, yakaenda zake kwenye majani. Mjomba hakusema kitu. Akanigonga bega kwa mkongojo, tukarudi kulala.

HAPA KWETU

Baadaye nilikuja kusoma kwamba Pennsylvania ina mpango maalumu wa barabara za udongo na changarawe tangu mwaka 1997, na chuo kikuu cha jimbo hilo kina kituo chake cha kuzichunguza. Sababu mojawapo ni kwamba tope la barabarani huingia kwenye vijito na kuumiza samaki. Wenye pesa zao na lami zao bado wanasomea barabara ya vumbi. Sisi tunaodhani ni jambo la kusubiria bajeti tu, tunakosea mahali.

Niliporudi Dar nilihamia Goba. Mtaani kwetu kila baada ya masika tulikuwa tunachanga, linaletwa lori la kifusi, kinamwagwa kwenye mashimo, tunapiga makofi. Mvua ijayo kifusi kinaonekana kwa jirani wa bondeni. Kwenye kikao nikasimama nikasema, kabla ya lori tuchimbe mtaro na tuinue mgongo wa njia kwa vidole vinne. Wakacheka. Jamaa mmoja akauliza, "Majuu ulikwenda kusomea sururu?" Nikamjibu ndiyo, tena nilifaulu. Tulichimba Jumamosi mbili, watu tisa, kwa majembe na uzi. Kifusi cha mwaka ule kilidumu mpaka masika ya pili, na bajaji zikaanza kukubali kuingia mpaka ndani.

Anti alitangulia mbele ya haki mwaka 2020. Kati ya Julai ile na siku yake ya mwisho, hakukosa safari hata moja kwa sababu ya njia. Mjomba hunikumbusha hilo karibu kila tukipigiana simu, kisha huniambia trekta linanisalimu. Nyonga yake ilipona. Kila mwaka theluji ikishayeyuka na udongo ukiwa na unyevu ule wa kufinyangika, hulitoa bandani, huvuta choki na kushusha kisu.

Kidogo tu. Ananyoa, hakati.